Jina Nililompa Mama Mkwe

Ankober, siku ya Kidane Mehreti, mwezi wa Tir

Kwa dada yangu Emahoy,

Umeamkaje huko mlimani, na baridi hiyo, na kengele zenu zinazolia kabla jogoo hajajigeuza usingizini? Mimi mwili mzima, ashukuriwe Mungu. Ni roho tu ndiyo inayouma, na leo nakuandikia habari za roho.

Dada, maji yamenifika shingoni. Gizachew yuko kusini na mitambo yake ya kuchonga barabara. Anakuja baada ya miezi miwili, anakula, analala, ananiambia, "Mama ni mama, Askale, mvumilie," kisha anapanda lori. Nani anabaki na huyo mama? Ni mimi.

Emama Bogalechi nilimwona siku ya harusi nikadhani ni mwanamke mpole mwenye meno mazuri. Meno ni mazuri kweli. Nikichekecha unga wa tefu, yeye huchukua chekecheke akachekecha tena mbele yangu, taratibu, utadhani anatafuta mawe niliyoyatia makusudi. Jumapili walikuja wageni kutoka kanisani. Nikatandaza injera, akaichungulia, akawaambia, "Kuleni hivyo hivyo. Injera ya nyumba hii siku hizi haina macho, ni kipofu kama aliyeipika." Wageni wakacheka. Ilikuwa na macho, dada! Matundu yamejaa kama asali kwenye sega! Na kahawa nayo: duru ya kwanza anasema nyepesi, ya pili anasema imeungua, na ile ya tatu, ya baraka, anainuka kabla sijaimimina. Mtu anakimbia baraka itokayo mkononi mwako, na mnakaa nyumba moja.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Siku chache baada ya sikukuu ya Timkati nilikuwa namenya vitunguu. Akaja, hakuketi, akasimama juu yangu akasema, "Jina lako la ubatizo nani?" Hivyo hivyo, kama askari wa kizuizini. Tangu niolewe ananiita "wewe" na "mke wa Gizachew," leo anataka jina ambalo hata mume wangu nilimnong'oneza tu. Unajua mwenyewe jina hilo halitolewi ovyo. Likifika kwa padri, linaombewa. Likifika kwa debtera mwandika hirizi, mtu anaanza kukonda na hajui kimemla nini. Nikamuuliza, "La nini, Emama?" Akanijibu, "Nikikuuliza chumvi iko wapi, nayo utaniuliza ya nini?"

Basi nikampa jina, akaenda zake. Tuyaache hayo.

Nimejipa hadi Pasaka. Kama hadi Pasaka sijaonja utulivu ndani ya nyumba hii, nafunga shuka langu na kurudi kwa baba, na Gizachew akitaka mke atakuja kunichukua akiwa na nyumba yake mwenyewe. Ila kabla ya hapo nimesema nikuulize: ninyi watawa mnafanyaje? Mnakaa wanawake peke yenu, chumba kimoja, mwaka mzima, na bado mna nyuso kama maziwa yaliyotulia. Nifundishe.

Mdogo wako,
Askale


Monasteri ya Kidane Mehreti, Wof Amba
Siku ya Mwokozi wa Dunia, mwezi wa Tir

Mdogo wangu Askale,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana nilipoketi nilianza kucheka, na hapa kucheka kwa sauti kuna malipo yake. Mwuza asali aliyeileta ameniambia una afya na unanenepa. Kwa hiyo huyo Emama hajakuua bado.

Kwanza, habari ya kurudi kwa baba niondolee. Baba ni mzee, ana ng'ombe wake na kikohozi chake, hana haja ya binti anayelia jikoni. Na ulikwenda kuolewa kwa Gizachew ukijua ana mama. Hakuna aliyekuficha.

Pili, umeuliza tunafanyaje. Nyoosha mkono wako wa kulia. Kila kidole kina pingili tatu, ukiacha gumba. Gumba ndilo la kuhesabia. Emama akifungua mdomo, wewe fumba wako, gumba lianze kwenye kidole cha mwisho: "Ee Kristo, utuhurumie." Pingili ya pili: "Ee Kristo, utuhurumie." Usijibu neno mpaka vidole vyote viishe. Sikuambii usijibu kabisa, maana nakujua, utapasuka. Nakuambia ungoje tu vidole viishe. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana unahitaji kupewa kazi nyingine.

Tatu, na hili ndilo lenyewe: mwombee. Kila asubuhi, kwa jina lake la ubatizo. Hilo Bogalechi ni jina la sokoni. Mtu huwezi kumtaja mbele za Mungu kila kunapokucha ukaendelea kumchukia kwa nguvu zile zile. Utachoka, na kitakachochoka kwanza ni ile chuki.

Nimefurahi sana kwamba ulimpa jina lako. Hapo umenishinda, nakuambia kweli. Kumpa jina mtu anayekutesa ni imani kubwa. Mimi sijui kama ningeweza.

Sisi hapa tuna amani. Tumegawana chumba mimi na Emahoy Tibletsi, mwanamke wa kaskazini. Anakohoa usiku na kufunga mlango kwa mguu, lakini simsemi. Juzi kauhamisha mtungi wangu wa maji kauweka juani. Wala simsemi. Mtu akishampa Mungu moyo wake, mambo madogo kama hayo hayaoni kabisa.

Dada yako,
Emahoy Tsige Mariamu


Ankober, siku ya Kidane Mehreti, mwezi wa Yekatiti

Kwa dada yangu Emahoy,

Mfungo umetukuta wazima. Siagi na maziwa tumeviaga, na shiro ya unga wa dengu imerudi kukaa jikoni mpaka Pasaka. Emama anasema shiro yangu ni matope. Kwa hiyo hakuna jipya, ila vidole.

Vidole vinafanya kazi! Siku ya kwanza nilishindwa, nilifika pingili ya tano nikamwambia chekecheke lile hata kama lingekuwa na macho lingekuwa limeshachoka kumwona. Siku ya pili nilifika mwisho. Unajua nini kilitokea? Nilipomaliza vidole, nimejiandaa kabisa na jibu langu, yeye alikuwa ameshahamia tusi jingine, na hilo nalo lina vidole vyake. Tukaenda hivyo, tusi na vidole, tusi na vidole, mpaka akachoka akaenda kulala. Nikabaki jikoni na majibu yangu yote, na sikuona wa kumpa. Nilicheka peke yangu, dada. Kisha nikagundua kwamba kifua changu hakikuwa kinadunda. Nimesahau mara ya mwisho kuona jioni ya namna hiyo.

Lakini kumwombea siwezi. Jina lake la ubatizo silijui, na kumuuliza ni kumwambia na mimi nina debtera wangu. Kwa hiyo asubuhi nasimama upande wa wanawake nasema, "Mungu, mhurumie yule unayemjua, aliyeketi karibu na moto saa hizi akisema nimechelewa." Sijui kama maombi ya namna hiyo yanafika.

Sasa niketi vizuri, maana linalofuata linanipa aibu. Ulinisifu kwa ajili ya jina. Nimeisoma ile sifa nikashindwa kula. Dada, sikumpa langu.

Nilikuwa na kisu mkononi na machozi ya vitunguu machoni, amenisimamia, na kichwa changu kikakimbia. Nikampa lako. Lile ulilobatiziwa, si la utawa. Nilijiambia: lile jina halina mwenyewe tena, dada aliliacha langoni siku alipovikwa kofia ya utawa akapewa jingine. Hata likipelekwa kubaya, litafika na kukuta nyumba tupu. Nikajiona mwerevu sana.

Wiki iliyopita jirani yetu Mulu akaniita pembeni. Amemwona Emama anatoka uani kwa debtera Gosa, yule wa chini ya kanisa, amekunja uso na anasema peke yake. Tangu siku hiyo sina raha. Niambie kwamba nilifikiri sawa. Niambie jina lile halina mwenyewe. Unakula? Unalala? Huumwi popote?

Mdogo wako mjinga,
Askale


Ankober, siku ya Abbo, mwezi wa Megabiti

Dada,

Hujajibu. Mwuza asali amepanda na kushuka, amesema alipofika langoni aliambiwa wewe huonani na mtu. Kwa nini huonani na mtu? Mtu mzima wa afya anakataaje kuonana na mwuza asali?

Hapa mambo yamebadilika, na si kwa uzuri. Emama ameviona vidole vyangu. Juzi alikuwa anasema kuhusu kuni, mimi natembeza gumba langu chini ya shuka, ghafla akanyamaza katikati ya neno. Akautazama mkono wangu. Akasema, "Unahesabu nini?" Nikasema, "Naomba, Emama." Akasema, "Kuomba gani huko kunakofichwa chini ya nguo?" Tangu hapo akiniona na mkono wa kulia chini ya shuka anatoka nje.

Sina hamu ya kugombana naye. Hilo ndilo jambo la ajabu. Zamani ningefurahi kwamba amepata la kumtisha. Sasa nikimwona anatoka nje kwenye ukungu, na goti lake lile, naona ningependa kumwita arudi. Lakini nikikukumbuka wewe, damu inanichemka tena. Kama amekufanyia jambo, sitangoja Pasaka.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata nukta.

Askale


Ankober, siku ya Kidane Mehreti, mwezi wa Megabiti

Dada,

Bado hujajibu, na mimi nimeshindwa kungoja. Nimefanya jambo, nakueleza lilivyokuwa.

Siku tano zilizopita niliamka nimekuota umelala kwenye kitanda cha majani na mdomo wako mkavu. Sikuosha hata uso. Nilimkuta Emama ndiyo kwanza anaingia kutoka kanisani, shuka lake limelowa ukungu. Nikamkinga mlangoni.

"Emama, lile jina nililokupa umelipeleka wapi?"

"Habari ya asubuhi na wewe."

"Umelipeleka wapi?"

"Kwa Abba Melaku! Jina hupelekwa wapi kwingine, sokoni? Nipishe, goti linaniuma."

"Na kwa debtera Gosa je? Umeonekana."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula mchanga. "Kwa Gosa? Mbuzi wa Gosa amekula gesho yangu yote! Nitapika pombe ya tela ya Pasaka kwa majani gani? Nimekwenda kumwambia yeye na mbuzi wake mmoja wao achague pa kuishi." Mambo yalimwingia kidogo kidogo, nikayaona yanaingia. "Ulidhani nimekupeleka kwa mwandika hirizi?"

Nikamwachia mlango.

"Basi tuko sawa," akasema. "Mimi nilidhani unanihesabia miaka iliyobaki. Nikamuuliza hata Abba. Alinicheka."

Dada, kama angeishia hapo ningemshika miguu na mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini alivua shuka, akalikung'uta, akasema, akiwa amenipa mgongo, "Kila alfajiri tangu Timkati nakwenda langoni pa kanisa na goti hili. Nimemwambia Abba: nina mwana, nina marehemu wangu, na nina binti nyumbani. Mwana na marehemu nawajua majina. Huyo binti jina lake sikulijua, ndipo nikakuuliza. Sijui kuuliza vizuri. Sikufundishwa."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Nilihesabu vidole vyote, na vilipoisha nikamwambia kwamba jina lile si langu, ni la dada yangu, mtawa. Kisha nikamwambia langu la kweli, kwa sauti, mlangoni, hata Mulu angeweza kusikia.

Hakunitukana. Aliketi karibu na moto. Akauliza neno moja tu: "Miezi yote hii?" Nikasema ndiyo. Hajanisemesha tangu saa hiyo. Injera anakula bila kuisema. Shiro anakula bila kuisema. Leo nimepika kahawa, amekunywa duru ya kwanza na ya pili kimya kama mgeni asiyejua lugha, na kabla ya ile ya baraka akatoka. Sikujua kwamba nitakuja kuyatamani matusi ya mtu.

Shuka langu nimelifunga, liko nyuma ya mlango. Sasa siendi kwa sababu ya ubaya wake, nitakwenda kwa sababu ya wangu, maana sioni nitaendeleaje kumpa chakula mtu niliyemwibia hivyo. Lakini nimeendelea kwenda kanisani asubuhi. Tunakwenda wote wawili siku hizi, yeye mbele na mimi hatua chache nyuma, kila mmoja na taa yake. Nikifika nasema, "Mhurumie yule anayetangulia." Halafu nabaki nimesimama tu, na moyo wangu unatulia, dada, hata kama hakuna lililotengenezeka. Sielewi. Nina huzuni na nimetulia, vyote kwa pamoja. Kama ni hicho ulichokuwa unanifundisha, ungesema mapema kwamba kinauma.

Kama umelala kwenye kitanda cha majani, nakuja.

Askale


Monasteri ya Kidane Mehreti, Wof Amba
Siku ya Mariamu, mwezi wa Megabiti

Mdogo wangu Askale,

Nakula, nalala, na siumwi popote. Nimekaa kwenye kigoda changu, nimeshiba dengu, mzima wa afya. Barua zako tatu nimezipokea, ya mwisho haijafunguliwa, iko hapa mbele yangu. Nimesema nisiifungue kabla sijaandika hii, nisije nikapata kisingizio cha kuzungumza habari zako badala ya zangu.

Umri wako wote nimekuwa nikikufundisha, na nyani haoni kundule. Nilikuandikia kwamba hapa tuna amani. Askale, nilipokuandikia hivyo, mimi na Emahoy Tibletsi tulikuwa hatujasemezana tangu Meskeremu, tangu maua ya Mwaka Mpya. Chumba kimoja, taa moja. Yeye alisema mbele ya wenzetu kwamba ninaimba zaburi kama mwuza kuku. Mimi nikasema la kwangu, siliandiki. Vidole nilivyokufundisha nilikuwa nimevihesabu mpaka gumba likaota sugu, na nilikuwa navihesabu kwa hasira, kama mtu anayepiga mlango. Jina lake nililitaja mpaka mwezi wa Hidari. Kisha nikachoka nikaacha. Mganga hajigangi.

Sasa sikiliza. Baada ya Timkati, siku siikumbuki, niliamka alfajiri nikamsikia anakohoa. Nilizoea kujifunika kichwa. Siku hiyo nilijikuta nimeshika birika. Sikuwa nimeamua, wala sikuwa nimeomba. Nilichemsha maji, nikatia tangawizi, nikaweka karibu naye, nikarudi kulala nimejikasirikia. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Kila siku ile chuki niliikuta imepungua kidogo, kama unga kwenye gunia ambalo mwenye nyumba hajui nani analichota. Niliogopa. Nilidhani nazeeka.

Kisha ikaja barua yako, kwamba umempa Emama jina langu. Kwanza nilikutukana, nimeshatubu. Jina la ubatizo halivuliwi, mjinga wewe! La utawa huvaliwa juu yake kama koti. Halafu nikahesabu siku: jina ulimpa baada ya Timkati, na birika nililishika baada ya Timkati. Nikaapa sitashika kalamu kumshauri mtu wala sitaonana na mtu langoni kabla sijasema na Tibletsi. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kiburi changu kina mizizi. Jumamosi iliyopita nilipiga magoti mbele yake. Akasema, "Inuka, mwuza kuku, maji yanachemka." Tulicheka mpaka tukapewa adhabu, wote wawili.

Kwa hiyo usinipe habari za debtera. Mimi si mwanafunzi wa jana, najua mtu anapoombewa anavyosikia. Kuna mtu ananitaja kila alfajiri, na ananitaja kwa nguvu. Kama ni uchawi, mwambie Emama Bogalechi aongeze.

Na wewe, mpe jina lako. Usiogope. Sasa nafungua barua yako.

Dada yako,
Emahoy Tsige Mariamu

Nimeifungua. Msomee Emama barua hii yote, hata palipo na aibu yangu.


Ankober, Jumamosi, mkesha wa Pasaka

Dada,

Anayesema leo si mimi. Barua yako ilifika jana, Ijumaa Kuu, tumetoka kusujudu, yeye magoti yameshindwa kunyooka na mimi mgongo. Nikamwambia, "Emama, kuna barua, nimeamriwa nikusomee." Akageukia ukuta. Nikasoma hivyo hivyo, naye amegeukia ukuta, mpaka mwisho, na nilipofika pale pa mwuza kuku mabega yake yakatikisika. Kisha akalala. Leo padri amepita na majani mabichi ya habari njema, tumejifunga kichwani, naye akaja akakaa mbele yangu na jani lake limepinda, akasema, "Chukua kalamu. Andika ninavyosema, usitie chumvi yako." Basi naandika.

Kwa Emahoy wa Wof Amba.

Mimi ni mama yake Gizachew. Sijui kusoma, kwa hiyo sijui huyu anaandika nini, lakini Mungu anaona.

Umekula maombi yangu ya tangu Timkati. Sikukupikia wewe. Nilitoka na goti langu kwenye ukungu kwa ajili ya mtu mwingine, na wewe mtawa, ambaye kuomba ndiyo kazi yako, umekaa mlimani ukala. Nilipojua, niliona nimefanywa mpumbavu mbele za Mungu. Nilitaka kumwambia Abba anirudishie. Nimekasirika siku nyingi. Nilikuwa na hasira na huyu, na hasira na wewe, na zaidi nilijiona mzee ambaye hata maombi yake hayajui nyumba ya kwenda.

Sasa huyu amenisomea kwamba umemchemshia mwenzako maji. Basi. Kumbe yalifika. Sikuwahi kujua kama yanafika. Mume wangu nilimwombea akafa, na mimi ninaomba tu kwa sababu mama yangu aliomba. Sasa nimejua, nashukuru.

Lakini kula ulikula, na utanilipa. Utaniombea mimi. Huyu nimeshaanza kumwombea kwa jina lake la kweli tangu siku ile ile aliyoniambia, hata nilipokuwa simsemeshi. Anaandika na analia, wino utaharibika, mwambie aache.

Shuka lake lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa. Alidhani sioni. Asubuhi nimelifungua, nimelikunja, nimelirudisha mahali pake. Lilikunjwa vibaya, hajui kukunja. Haendi popote.

Ili uniombee unahitaji jina langu la ubatizo. Najua halitiwi kwenye karatasi. Najua na huyu atalijua, si ndiye mwenye kalamu? Ndiyo maana nimemwita yeye, ningeweza kumwita mtoto wa Mulu. Andika. Usinitazame mimi, tazama karatasi, uandike.

Welete Mikaeli